Steringi Mmoja, Kalamu Nyingi: Ununue Riwaya Ipi ya Indiana Jones?

SWALI: Kuna mzee anauza vitabu vya mtumba maeneo ya Posta. Nimekuta kwake vitabu saba vya Indiana Jones, vyote vina picha ya yule jamaa wa kofia na mjeledi: Temple of Doom, Last Crusade, Peril at Delphi, Seven Veils, Sky Pirates, Philosopher's Stone na Hollow Earth. Filamu zake nimeziangalia tangu enzi za mikanda. Mzee anasema, "Ni zilezile tu bosi, chagua." Hela niliyotenga inatosha vitatu. Nichukue vipi, nianze na kipi? Kijana wangu wa kidato cha pili naye atavisoma. (Msomaji, Sinza)

JIBU: Si zilezile, ndugu yangu. Kwenye rundo hilo la vitabu saba kuna waandishi wanne, kuna aina mbili za vitabu, na kuna viwili ambavyo ukivinunua leo bila vilivyotangulia utajikuta umepanda daladala katikati ya njia, hujui ilikotoka. Kinachopoteza watu ni jalada. Jina la Indiana Jones limeandikwa kubwa, la mwandishi limebanwa pembeni. Wewe anza na hilo dogo.

Kwa nini jina la mwandishi lina uzito hivyo? Chukua mfano wa nyumbani. Willy Gamba ni wa Elvis Musiba. Ukishika Kufa na Kupona, ukishika Njama, ukishika Kikosi cha Kisasi, kalamu ni moja, na Willy ni yuleyule kwa silaha, kwa mavazi na kwa maringo. Indiana Jones, yule mwanaakiolojia (mchimbua mambo ya kale) wa kwenye filamu, hana baba wa namna hiyo kwenye vitabu. Alibuniwa na George Lucas kwa ajili ya filamu, na ni mali ya kampuni, Lucasfilm, ambayo tangu 2012 iko chini ya Disney. Mchapishaji anapata kibali, anamwajiri mwandishi, mwandishi anaandika na kulipwa, na steringi anabaki kuwa wa kampuni. Mwandishi akiondoka anakuja mwingine. Kofia na mjeledi vinabaki, ila mtu aliye chini ya kofia anabadilika, wakati mwingine sana.

Sasa zile aina mbili.

Ya kwanza ni riwaya iliyoandikwa kutokana na filamu yenyewe. Kwenye rundo lako ni Temple of Doom na Last Crusade. Filamu ya kwanza, Raiders of the Lost Ark ya 1981, iliandikiwa riwaya na Campbell Black. Temple of Doom (1984) ikaandikwa na James Kahn. Last Crusade (1989) na Rob MacGregor. Na ile ya fuvu la kioo, Kingdom of the Crystal Skull (2008), na James Rollins.

Ukitaka kuzielewa riwaya hizi, mfikirie DJ wa filamu za kutafsiriwa kwenye kibanda umiza. Picha ni ya Wazungu, lakini DJ ndiye anayekwambia adui anawaza nini, huyu dada amekasirika kwa sababu gani, na hapa steringi kaingia choo cha kike. Mwandishi wa riwaya ya filamu anafanya kazi hiyohiyo. Filamu inakuonyesha uso, yeye anakuambia kilicho nyuma ya uso. Ndiyo maana riwaya ya filamu inafaa pale ambapo filamu ilikaa kimya, na inachosha pale filamu ilipopiga mbio. Ile mbio ya vitoroli ndani ya mgodi kwenye Temple of Doom ni utamu mtupu ukiwa na picha na muziki. Ukiiweka kwenye karatasi inakuwa akaruka, akadaka, akainama, gurudumu likatoa cheche, akaruka tena. Kahn amejitahidi, ila mbio ni mbio.

Kitu kimoja kitakachokushangaza: utakuta maneno na vipande ambavyo kwenye filamu huvikumbuki. Usidhani mwandishi amekosea au ametunga tu. Kitabu kinatakiwa kiwe dukani siku filamu inapotoka, kwa hiyo mwandishi hasubiri filamu ikamilike. Anapewa muswada wa filamu wakati bado watu wako kazini. Baadaye mhariri wa filamu anakata kipande kwa sababu kinarefusha, na kitabu tayari kiko kiwandani. Kilichokatwa kwenye filamu kinabaki hai kwenye riwaya. Kwa mtu aliyeangalia filamu mara kumi, hii ndiyo sababu pekee ya maana ya kununua aina hii ya kitabu.

Pekee kwa mtu mzima, nisisitize. Kwa kijana wako hesabu ni nyingine, na nitaifikia.

Aina ya pili ni riwaya mpya kabisa, hadithi ambayo haijawahi kuwa filamu. Kampuni ya Bantam ya Marekani ilitoa 12 za namna hiyo kati ya 1991 na 1999, na vitabu vyako vitano vilivyobaki vinatoka humo. Sita za mwanzo ni za Rob MacGregor, mbili za Martin Caidin, nne za mwisho za Max McCoy. Hadithi zote 12 zinatokea kabla ya filamu zenyewe. Temple of Doom inatokea mwaka 1935 na Raiders 1936 (ndiyo, filamu ya pili inatangulia ya kwanza kwa mwaka mmoja, wengi hupitwa na hilo). MacGregor amepewa miaka ya 1920, Caidin anashika 1930, McCoy anasogea hadi 1933 na 1934.

Mpangilio huo unaleta tatizo ambalo kila mtoto wa kibanda umiza analijua: steringi hafi. Kwenye filamu unalisahau kwa sababu ya kelele. Kwenye riwaya inayotokea 1926, ukijua fika kwamba 1936 jamaa yuko mzima anakimbizwa na jiwe, hofu inatoka wapi? Mwandishi mzuri anaitoa kwa watu walio karibu na steringi, wale ambao filamu haziwataji. Ukitaka kupima riwaya yoyote ya aina hii, si hizi tu, uliza swali hilo: nani hapa anaweza kufa kweli? Kama jibu ni hakuna, unasoma mazoezi ya viungo.

MacGregor alilielewa hilo. Yeye ndiye aliyeandika riwaya ya Last Crusade, kisha akapewa kazi ya kumjenga Indiana kijana. Peril at Delphi inaanza jamaa akiwa mhitimu mtundu wa Chicago, ana rafiki mpiga jazz anaitwa Jack Shannon, na kinachomshangaza msomaji ni kwamba hajawa mwanaakiolojia. Anasoma isimu. Anakwenda Paris kuendelea nayo, anakutana na mhadhiri wa kike, Dorian Belecamus, naye ndiye anayemvuta kwenye akiolojia na kumpeleka Delphi, Ugiriki. Kofia, mjeledi, ujasiri, vyote vinapatikana kidogokidogo. Ukimtaka yule bingwa wa filamu tangu ukurasa wa kwanza utaona hadithi inajivuta. Ukitaka kujua mtu anakuwaje Indiana Jones, hakuna mwingine aliyeandika vizuri kuliko hapa.

Delphi yenyewe si ya kubuni. Wagiriki wa kale walikwenda pale kuaguliwa: kuhani mwanamke alikaa hekaluni, akapandisha, akatoa kauli ambazo wafalme walizifanyia kazi. Kulikuwa na jiwe walilolihesabu kuwa kitovu cha dunia. Plutarch, ambaye alikuwa kuhani hapohapo, aliandika habari za mvuke uliotoka chini. Kwa miaka mingi wasomi waliona ni hadithi tu, hadi mwaka 2001 wanajiolojia walipotangaza kwamba chini ya hekalu kuna nyufa za miamba zinazokatana, na wamekuta dalili za gesi ya ethilini, inayoweza kulevya mtu. MacGregor alikuwa ameshaandika riwaya yake miaka 10 kabla, akiutegemea mvuke huohuo. Hiyo ndiyo tabia ya vitabu vyake: anachukua mzimu wa watu wa kale wa kweli, anausogeza kidogo tu.

Kitabu chake cha pili, Dance of the Giants, kinampeleka Uingereza mwaka 1925, kwenye mawe ya Stonehenge na habari za mchawi Merlin. Jina ni la zamani. Waandishi wa karne za kati waliyaita mawe yale ngoma ya majitu. Humo ndimo anapoingia Deirdre Campbell. Mshike jina huyo. Kitabu cha tatu, Seven Veils, ambacho unacho kwenye rundo, kinakwenda Brazil mwaka 1926 kufuata nyayo za Percy Fawcett, Mwingereza wa kweli aliyepotelea kwenye misitu ya Mato Grosso mwaka 1925 akiwa na mwanawe Jack na rafiki yake, asionekane tena. Ndani ya Seven Veils Indiana anaoa. Anamwoa Deirdre. Sasa wewe umeangalia filamu zote: umewahi kusikia Indiana akimtaja mke wa miaka hiyo? Sikumalizii, lakini hapo ndipo utaona nilichomaanisha kuhusu nani anaweza kufa kweli. Tatizo ni kwamba ukiisoma bila Dance of the Giants, Deirdre kwako ni mgeni, na kitu chochote kikimpata utafunua ukurasa bila hata kuguna. Ndiyo maana ninasema Seven Veils isubiri.

Tatu zilizobaki za MacGregor hazilingani na hizo. Genesis Deluge inatafuta safina ya Nuhu mlima Ararat na inasomeka vizuri. Unicorn's Legacy, ya 1928, ina pembe ya mnyama wa hadithi na mabonde ya kusini magharibi mwa Marekani. Interior World inamaliza mfululizo mwaka 1929 kwa safari ya kuingia ndani ya dunia, na hapo ndoto na mambo halisi vimekorogwa hadi huelewi kama jamaa ameamka au bado amelala.

Caidin ni habari fupi. Alikuwa rubani na mwandishi hodari wa mambo ya ndege. Riwaya yake Cyborg ya 1972 ndiyo iliyozaa kipindi cha televisheni cha yule mtu wa dola milioni sita. Akaleta ndege kwa Indiana Jones. Sky Pirates ina Ford Trimotor, ile ya injini tatu, na mwandishi anaipenda kuliko anavyompenda steringi. Kuna majambazi wa angani, kuna vyombo vya ajabu vinavyoruka, kuna mikutano ya watu wa siri wanaoelezana mambo kwa kurasa nyingi. Indiana anageuka mpelelezi wa serikali. Ungeweza kufuta jina lake ukaandika la mtu mwingine, hadithi isipungukiwe kitu. Kama una rafiki fundi wa ndege pale Kipawa, mnunulie yeye.

McCoy ndiye aliye karibu zaidi na filamu. Sentensi fupi, sura fupi, sura inaishia mtu akiwa ananing'inia. Adui ana mwendo wa adui. Philosopher's Stone inafunguka kama filamu zinavyofunguka, jamaa yuko msituni Honduras ya Uingereza (Belize ya leo) anatafuta fuvu la kioo. Halafu hadithi kubwa inaanza: jiwe la wanafalsafa, lile ambalo waanzilishi wa kemia waliamini linageuza risasi kuwa dhahabu, na adui Mtaliano wa enzi za Mussolini anaitwa Sarducci. Humo kuna pia hati ya Voynich. Hiyo ni kitu cha kweli: kitabu kilichoandikwa kwa mkono, chenye michoro ya mimea isiyojulikana na maandishi ambayo hadi leo hakuna aliyeyasoma kwa namna iliyokubalika. Kiko Chuo Kikuu cha Yale, na ngozi yake imepimwa kuwa ya kati ya 1404 na 1438.

Hapa kuna mitego miwili ya sokoni. Kwanza, ukiona fuvu la kioo usidhani umeshika riwaya ya filamu ya 2008. McCoy aliandika lake 1995, miaka 13 kabla, na ni fuvu jingine lenye laana yake. Pili, jina Philosopher's Stone ni la kitabu cha Harry Potter pia, kilichotoka 1997. Wauzaji wengine hukipanga huko kwa watoto wachawi. Angalia kofia.

Laana ya fuvu ndiyo inayounganisha vitabu vyote vinne vya McCoy, na hili ndilo muuzaji wako hawezi kukwambia. Philosopher's Stone, Dinosaur Eggs, Hollow Earth, Secret of the Sphinx: ni hadithi nne zenye uti mmoja. Mambo ya kwanza yanalipwa kwenye ya tatu. Hollow Earth unayoiona mezani ni hiyo ya tatu. Ni nzuri, inaingiza Wanazi na imani ya kwamba dunia ina uwazi ndani, wazo ambalo hata Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, aliwahi kulipendekeza mwaka 1692. Ukiweza kuipata pamoja na Interior World ya MacGregor utakuwa na waandishi wawili waliopewa shimo lilelile: mmoja ameingia humo kuota, mwingine ameingia kukimbizana. Lakini isomwe kwa zamu yake.

Dinosaur Eggs huna, ila ukikutana nayo popote usiiache. Inakwenda Mongolia, jangwa la Gobi, na imejengwa juu ya jambo la kweli: msafara wa Mmarekani Roy Chapman Andrews ulipata mayai ya dinosaria huko mwaka 1923. Msomaji wa Dar ana sababu ya ziada ya kuisoma kwa jicho kali. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na leo yule mrefu kuliko wote amesimama Berlin. Indiana kwenye filamu ana kauli yake kwamba kitu cha kale mahali pake ni makumbusho. Makumbusho ya nani, hasemi. Msomeshe kijana wako kitabu hicho, kisha mpeleke Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert akasikie habari za fuvu la Zinj, lililopatikana Olduvai 1959. Maswali yatamjia mwenyewe.

Nje ya hizo 12 kuna nyingine chache. Steve Perry aliandika Army of the Dead, iliyotoka 2009, inayotokea Haiti mwaka 1943. Hii imevunja utaratibu wa kukaa kabla ya filamu, na haina ulazima. Wolfgang Hohlbein aliandika nane kwa Kijerumani, kwa hiyo ukiona jina lake kwenye meza ya mtumba usilipe kabla ya kufungua ndani. Na kuna vitabu vya kuchagua mwenyewe njia, vya watoto, vya miaka ya 1980, ambavyo baadhi viliandikwa na R. L. Stine, hivyo si riwaya, ni mchezo.

Turudi mezani kwa mzee. Hata ukishajua cha kuchukua, kitabu cha mtumba kina kasoro zake, na riwaya za filamu zina ugonjwa wao maalumu. Ni vitabu vidogo, karibu sentimita 10 na nusu kwa 17 na nusu, vimetengenezwa visomwe mara moja kwenye treni. Kurasa hazikushonwa, zimebandikwa kwa gundi mgongoni. Gundi ikikaa miaka 30, tena kwenye joto letu, inakauka na kuwa kama maganda. Usikifungue kitabu kikalala kama sahani, kitakatika papo hapo mikononi mwako na utalazimika kukinunua. Kishike kikiwa kimefungwa, angalia ukingo wa juu. Kama kuna ufa wenye umbo la V katikati, gundi imeachia hapo. Kisha pitisha kurasa kwa dole gumba, taratibu, ukifuata namba. Kipande kinachochomoka mara nyingi ni cha mwanzoni kabisa au cha mwisho. Kurasa za mwishoni zenye matangazo ya vitabu vingine zikikosekana si hasara. Sura ya mwisho ikikosekana, rudisha.

Karatasi ya kahawia isikutishe, ni asidi ya karatasi yenyewe, aina inayokaribia ya gazeti. Madoa meusi au ya kijani yenye harufu ya chumba kilichofungwa ni ukungu, na ukungu utahamia kwenye vitabu vingine nyumbani. Hicho kiache hata akikupa bure. Vitundu vidogo vya duara vilivyopenya kurasa kadhaa ni mdudu. Huyo anatibika: funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kiache kwenye mfuko siku nzima kabla ya kufungua ili umande usilowanishe karatasi. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Usikianike juani, joto linamalizia gundi.

Kikiwa hakina jalada la mbele, kuna jambo la kujua. Marekani, duka likishindwa kuuza vitabu vya aina hii halirudishi kitabu kizima. Linachana jalada, linarudisha jalada peke yake, na kitabu kinatakiwa kuharibiwa. Vingi huponyoka. Ndiyo maana nyuma ya ukurasa wa jina utakuta onyo kwamba kitabu kisicho na jalada huenda kimeibwa. Mzee wa Posta hana kosa, kimemfikia kwenye robota. Lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na chenye jalada, na hapo una hoja ya kupatana.

Ukurasa huohuo ndio unaokwambia umri. Tafuta mstari wa namba zinazoshuka kuelekea 1. Ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo toleo la uchapaji. Baadhi ya hizi zilichapwa upya 2008 filamu ya nne ilipotoka. Kwa kusoma tu, chapa mpya ni bora, gundi bado ina nguvu. Ukurasa uliochomoka unaurudisha kwa gundi nyeupe ya mbao: paka mstari mwembamba wa milimita mbili kwenye ukingo kwa kijiti cha meno, ingiza hadi mgongoni, weka karatasi ya nailoni pande zote mbili isishike jirani, kandamiza kwa matofali mawili usiku kucha. Selotepu usiiguse. Baada ya mwaka mmoja inageuka njano, inanata, na inang'oka na maandishi.

Sasa vitatu vyako.

Last Crusade, kwa ajili ya kijana. Amekwisha kuiona filamu, au muonyeshe kwanza. Filamu itakuwa kamusi yake. Akikuta neno asilolijua kwenye sehemu ya ndege ile kubwa ya puto, tayari ana picha kichwani, atalikisia na ataendelea. Kipimo cha haraka: afungue ukurasa wowote wa katikati, akunje kidole kwa kila neno lililomkwamisha. Vidole vitano kabla ya ukurasa kuisha, bado mapema, mpe filamu tena na umsomee sura mbili za kwanza. Wewe pia kitakufaa, kwa sababu ni kalamu ya MacGregor, na utamjua kabla ya kumlipia kitabu cha pili. Temple of Doom iache. Kahn si mbaya, ila filamu yake ni ya mbio na mbio unazo tayari.

Peril at Delphi, kwa sababu ni mlango wa MacGregor. Philosopher's Stone, kwa sababu ni mlango wa McCoy. Anza na cha McCoy. Kinafanana na Indiana unayemjua, kitakurudishia tabia ya kusoma ndani ya siku tatu nne. Ukishaingia, ndipo uende Delphi bila haraka. Ukianza na Delphi huku unasubiri mjeledi utakitupa kwenye ukurasa wa 60.

Kabla ya kuondoka mwombe mzee akuwekee Seven Veils na Hollow Earth chini ya meza, umpe chochote cha kishika uchumba, na umwandikie kwenye kikaratasi majina mawili ya kukutafutia kwenye robota lijalo: Dance of the Giants na Dinosaur Eggs. Andika na jina la mwandishi. Ukimwambia "cha Indiana Jones" tu, atakuletea Sky Pirates ya pili.